Kalibu Isiyopumua

Kila alasiri Kuluthumu alirudi kutoka shule kwa furaha mpaka alipofika kwenye ua wa mjomba wake Twalibu, mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora. Hapo furaha ilimwishia. Pembeni ya ua palikuwa na ndoo ya mavi ya ng'ombe, na ndoo hiyo ilikuwa ikimngoja yeye.

Mjomba Twalibu alikuwa fundi wa kusubu shaba. Babu yake alisubu njuga za punda enzi za misafara, Tabora ilipokuwa njia panda ya watu waliokwenda Ujiji na waliorudi pwani. Twalibu mwenyewe alisubu chochote alicholetewa: bawaba, makomeo, hata kengele ya shule. Kwanza alichonga umbo la kitu kwa nta ya nyuki. Umbo hilo alilipaka udongo laini mwembamba, kisha likafunikwa kwa udongo mzito na kuachwa likauke. Udongo huo uliokauka ndio ulioitwa kalibu. Kalibu ikipashwa moto, nta iliyomo ndani huyeyuka na kutoka, ikabaki nafasi tupu yenye umbo lilelile. Ndani ya nafasi hiyo ndimo alimomimina shaba iliyoyeyuka.

Kuluthumu aliipenda kazi hiyo yote, isipokuwa jambo moja. Udongo mzito ulichanganywa na mavi ya ng'ombe, na mchanganyaji alikuwa yeye, kwa sababu mama yake, Mwanahawa, alimsifu kwa kaka yake kwamba mtoto huyu ana mikono myepesi. Basi mikono hiyo myepesi ilizama kila siku katika uji wa kijani mpaka viwikoni. Nzi walimtambaa usoni na hakuwa na mkono safi wa kuwafukuzia. Hata akinawa mara ngapi, aliona harufu imejificha chini ya kucha, na jioni akimega ugali, kichefuchefu kilimpanda.

Aliyeleta ndoo hiyo alikuwa Bundala, kijana wa miaka kumi na mitano, mtoto wa wafugaji wa Igunga. Baba yake alimleta kwa Twalibu ajifunze ufundi. Bundala alichimba udongo, alivuta mivukuto ya kupulizia moto, na mavi aliyabeba kichwani huku akipiga mluzi. Akishatua ndoo alijifuta mikono kwenye kaptula, kisha akachukua kiazi akala. Kuluthumu alipoona hivyo, aliapa hatakula naye sinia moja. Kila chakula kilipoandaliwa alisingizia tumbo, akaenda kula jikoni peke yake.

"Unakunja uso wa nini?" Bundala alimwuliza siku moja. "Haya si majani tu yaliyotafunwa? Kwetu tunapakia sakafu."

"Ni huko kwenu," Kuluthumu akajibu, akatema mate pembeni.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Redio ilihimiza kujitegemea asubuhi na jioni, na vitu vya kutoka nje vilikuwa adimu madukani. Siku moja akaja Selemani, mfanyakazi wa stesheni ya reli, ameshika fimbo ndefu iliyokatika kichwa chake cha chuma.

Kuluthumu akamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndugu Twalibu, leo nimekuletea mgonjwa."

Fimbo hiyo ilikuwa ya kuchezea gofu. Mjini palikuwa na uwanja wa gofu walioujenga Wazungu, na zamani Mwafrika aliingia humo kwa kubeba mikoba ya fimbo zao tu. Selemani alikuwa mmoja wa wabebaji hao. Kwa kubeba aliona, kwa kuona alijifunza, na baada ya uhuru akawa mchezaji ambaye hakuna aliyemweza pale.

"Hii ndiyo ya kumalizia," akaeleza. "Kipira kikishafika karibu na shimo, hii ndiyo inakisukuma ndani. Madukani hakuna nyingine. Ijumaa ya wiki ijayo napanda treni kwenda kushindana Mwanza. Bila hii, afadhali nibaki."

Twalibu alikigeuzageuza kichwa kilichokatika. "Unataka nisubu kama hiki hiki?"

"Ukiweza kukiponya na ugonjwa wake, nitashukuru. Ukigonga nje ya katikati kidogo tu, kinajipinda mkononi, kipira kinaenda kwa jirani."

Twalibu akajikuna kidevu. Kisha akachukua mti mfupi, akaning'iniza makopo mawili ya mchanga katikati yake, akauzungusha. Mti ukazunguka upesi. Akayasogeza makopo, moja mwisho huu na jingine mwisho ule. Sasa mti ulikuwa mzito kugeuka.

"Mzega," akasema. "Wapagazi waliobeba mizigo kwa mti begani walijua. Mizigo ikikaa huku na huku, mti haugeuki ovyo. Nitakikomba kichwa mgongoni, shaba niisogeze kwenye ncha mbili."

Selemani akacheka. "Wazungu hawakufikiria hivyo."

"Labda walifikiria. Mimi sijawauliza."

Siku zilizofuata Twalibu alichonga nta asubuhi mpaka jioni. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka kwa miaka mingi ya moto, ikambidi akisogeze kitu hicho kidogo mpaka karibu kiguse pua. Umbo lilipokamilika alilipaka udongo laini, akamwachia Kuluthumu afunike kwa udongo mzito kama kawaida, akaenda sokoni kutafuta mkaa. Bundala alishatua ndoo yake, akarudi mtoni kuchimba.

Kuluthumu akafunua ndoo. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha na mavi yalikuwa majimaji. Juu yake waliogelea funza weupe, wanene, wakijikunjakunja. Harufu ilimpiga kooni. Aligeuka akatapika karibu na ukuta, na alipojifuta mdomo machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sishiki," akajisemea. "Haki ya Mungu, leo sishiki."

Hakuna aliyewahi kumweleza mavi yanafanya kazi gani ndani ya udongo. Alidhani ni mazoea ya wazee tu. Akaibeba ndoo kwa ncha za vidole, akaimwaga nyuma ya choo. Udongo akaukanda kwa maji na majivu, akalifunika umbo la nta vizuri sana. Mwisho akachovya kijiti kwenye mabaki ya ndoo, akapaka kalibu juujuu ili ipate rangi na inuke. Alipomaliza, hata yeye aliona imefanana na zile za siku zote.

Mjomba aliporudi aliinama, akainusa. "Umechanganya vizuri?"

"Nimechanganya, mjomba."

Jumamosi kalibu ilikuwa imekauka. Selemani alikuja kutazama. Nta ikayeyushwa ikatoka, Bundala akavuta mivukuto mpaka jasho likamchuruzika, na shaba ikaiva ikang'aa kama jua la machweo. Twalibu akaishika kalibu kwa koleo, akaisimamisha kwenye mchanga, akaanza kumimina.

Kalibu ikakoroma. Mara ikapasuka kwa kishindo, shaba ikaruka huku na huku. Twalibu aliwahi kurudi nyuma. Tone moja lilimwangukia Bundala juu ya mguu. Alipiga yowe, akaanguka chini ameushika, na harufu ya ngozi iliyoungua ikajaa ua mzima.

Walimmwagia maji. Selemani alimsaidia kukaa, akatazama vipande vilivyotapakaa, akaondoka. Umbo la nta nalo lilikuwa limekwisha kuyeyuka. Kazi yote ya macho yale mabovu ilikuwa imepotea.

"Udongo huu ulichimba wapi?" Twalibu akamwuliza Bundala. Sauti yake ilikuwa ya chini, na watu wa nyumba ile walijua kwamba hiyo ndiyo mbaya.

"Palepale, fundi."

"Udongo wa palepale haupasuki. Nilikukataza kuchimba kule chini kwenye chumvi. Umeona njia ya juu ni ndefu, ukanidanganya."

"Fundi, mimi nilichimba palepale."

"Nyamaza. Uvivu naweza kuufundisha. Mwongo simweki kwenye moto, ataua mtu. Kesho panda basi la asubuhi, ukachunge ng'ombe wa baba yako."

Bundala akajikokota kwenda kukusanya nguo zake. Kuluthumu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kopo la maji. Neno lilimfika kooni, likakwama hapo.

Jioni mama yake alipika ugali na mlenda. Kuluthumu alitia tonge kinywani na mlenda ukamteleza ulimini kama kitu kilichooza. Akajitazama mikono. Ilikuwa safi, kucha nyeupe kabisa, na kwa mara ya kwanza mikono hiyo ndiyo iliyomtia kinyaa.

"Tumbo tena?" Mwanahawa akamwuliza.

"Hapana, mama. Leo si tumbo."

Asubuhi alimkuta mjomba akizoa vipande vya kalibu ili akavitupe. Bundala alikuwa ameshaondoka akichechemea, kifurushi begani. Kuluthumu aliona kwamba vipande vile vikishatupwa, hakuna atakayejua milele. Moyo ulimwambia anyamaze tu. Kisha akaikumbuka ile harufu ya ngozi, akajichukia. Aliokota kipande kimoja, akampa mjomba.

"Vunja, mjomba. Tazama ndani."

Twalibu akakivunja, akakileta karibu na macho. Ndani ulikuwa udongo mtupu, mgumu kama kigae.

"Mavi niliyamwaga nyuma ya choo," Kuluthumu akasema. "Yalikuwa na funza. Nikapaka juu tu. Bundala hakukosa kitu."

Alingoja kofi. Halikuja. Mjomba alikaa chini kwenye gogo la kufulia, akakitazama kile kipande, uso umemkunjamana kana kwamba amekula kitu kichungu.

"Na mimi nilimhukumu mtoto wa mtu kabla ya kuvunja kigae," akasema. "Inuka twende."

Walikwenda mbio mbio mpaka kituoni. Basi la Nzega na Igunga lilikuwa linawashwa injini. Bundala alikaa dirishani, mguu amefunga kitambaa kilicholowa majimaji ya jeraha.

"Shuka, Bundala," Twalibu akasema mbele ya abiria wote. "Nilikosea. Hukunidanganya."

Bundala akamtazama Kuluthumu. Kuluthumu hakuinamisha macho, ingawa alitaka sana.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuacha ubebe kosa langu. Naomba unisamehe."

Bundala aliinuka kitini. Alishuka polepole, mguu mmoja mmoja, akampa Kuluthumu kifurushi chake. "Basi beba na hiki," akasema.

Nyumbani, Kuluthumu alichemsha maji ya chumvi akamsafisha kidonda. Lengelenge lilikuwa limepasuka, ngozi imelegea, na majimaji yalikuwa yanatoka. Aligeuza uso mara moja, akavuta pumzi. Aliendelea kuosha mpaka pakawa safi. Kisha akachukua ndoo, akaenda mwenyewe kwenye zizi la Mzee Kashindye pembezoni mwa mji. Njiani alikutana na Imakulata wa darasani kwao, aliyeziba pua akamkimbia. Kuluthumu aliona haya, akapita. Bado alikuwa ameukunja uso, maana mavi hayakuwa yamegeuka asali. Yalikuwa yananuka vilevile.

Twalibu alichonga umbo jingine, Kuluthumu akiwa macho yake: alimwambia mahali penye mkwaruzo na ncha iliyozidi mwenzake. Udongo aliukanda mpaka viwikoni. Alhamisi wakasubu. Safari hii shaba iliingia kimya, na juu ya kalibu vikatokea vimoshi vyembamba, hapa kimoja, pale kimoja.

Jioni hiyohiyo, kichwa kikiwa kimeshachomekwa kwenye fimbo, walikwenda wote pamoja na Selemani kwenye uwanja wa gofu. Pale palipokuwa na shimo hapakuwa na majani. Palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili usipeperuke, na Kuluthumu alipoukanyaga ulimganda nyayo.

"Hata huku kuna uchafu," akanong'ona.

"Bila uchafu huo kipira hakitembei," Selemani akamjibu.

Aliiweka fimbo yake mpya chini. Mara ya kwanza aligonga katikati. Mara ya pili akagonga makusudi kwenye ncha. Kichwa hakikujipinda. Kipira kilikwenda polepole, kimenyooka, kikatumbukia. Selemani akaibusu fimbo, akaiweka begani, akamwambia Twalibu kwamba Mwanza watamtambua.

Twalibu akamgeukia Kuluthumu. "Sikukueleza kazi ya ile ndoo, na hilo ni kosa langu. Ndani ya mavi mna vijinyuzi vya majani. Kalibu ikipata moto, vijinyuzi vinaungua na kuacha vitundu ambavyo macho hayavioni. Shaba ikiingia, mvuke unatokea humo. Kalibu isiyo na vitundu haipumui. Hewa ya moto inakaa ndani, inatafuta njia, na ikiikosa inapasua, na anayeungua huwa ni yule aliyesimama karibu. Wewe ulikaa na neno lako tangu Jumamosi mpaka Jumapili asubuhi, nikaona lilivyokuchoma. Ungelikalisha mwaka, lingempasua nani?"

Kuluthumu aliutazama mguu wa Bundala.

"Kazi chafu inaoshwa kwa sabuni, mwanangu. Kinyaa si dhambi, hata mimi ninacho. Ukishindwa, sema umeshindwa, tutakusaidia. Mbaya ni kumwaga nyuma ya choo halafu ukapaka juujuu."

Waliporudi nyumbani Mwanahawa alikuwa ameandaa sinia moja la ugali na maharage. Kuluthumu alinawa, akakaa karibu na Bundala, akamega. Alipoona kucha za Bundala bado zina weusi, alisita kidogo. Akazitazama zake. Zilikuwa hivyohivyo.