Kikapu cha Utepe Mwekundu

Walianza kwa kugombania tini. Soko la Ortigia, kule Sicily, lilikuwa limefurika, wauza jodari wakipayuka kama waliofiwa, na Giusina, gauni la njano, miwani ya jua kichwani, akaibonyeza tini ya Liborio, muuza matunda, kwa kidole.

"Dada, hiyo ni tini, si kengele ya mlango."

"Imelala hii."

"Imelala, inakuota wewe."

Giusina akacheka. Basi, kwisha kazi.

Binti huyo aliishi na mama yake ghorofa ya tatu katika lile jumba la kale nyuma ya kanisa, lenye bustani ya mlimau na yasmini uani, ambamo ukipiga chafya majirani wote wanakuombea afya. Kila asubuhi Liborio aliingia uani na mkokoteni wake. Giusina akateremsha kikapu kwa kamba, kikapu chenye utepe mwekundu, Liborio akakijaza, kikapanda. Mwaka mzima mapenzi yao yakawa ya kupanda na kushuka hivyo hivyo.

"Malkia wangu, leo nimekuwekea zabibu!"

"Na wewe mwenyewe utapanda lini?"

Hapo Liborio hujifanya anapanga matikiti. Kwetu, kijana akishapanda ngazi za kina binti na kuketi mezani kwa mama mtu, ameposa huyo; mji mzima unaanza kuulizia tarehe. Na Liborio, pamoja na mdomo wake wote, alimwogopa Mama Venera, mama yake Giusina, kuliko radi. Giusina akachoka kungoja. Akakubali kazi ya ualimu Turin, mbali huko kaskazini, na treni ilikuwa Jumapili.

Ijumaa Liborio akaja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likaweza kusimama lenyewe. Akakuta kikapu cha utepe mwekundu kinaning'inia karibu na mlimau. Akaifukia pete ya uchumba katikati ya tini, akatikisa kamba, kikapu kikapanda.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Bibi Crocifissa, mjane wa miaka sabini na ushei, akatoa kichwa chenye vibanio.

"Liborio, mwanangu! Nimekubali!"

Ua mzima ukatoka kwenye roshani.

Yaani, mwanamke yule alikuwa ameshagundua kwamba kikapu cha utepe hupewa tini nono, chake hutupiwa zilizopondeka. Jana yake akafunga utepe na yeye. Mtu ana akili, utamlaumu? Kikapu cha Giusina hakikushuka kabisa siku hiyo. Mwenyewe alikuwa anafunga masanduku.

Simu ya Liborio ikalia.

"Hongera, bwana harusi."

"Giusina, roho yangu, nisikilize..."

"Roho yako iko ghorofa ya pili, inajaribu pete."

"Nilidhani ni kikapu chako! Utepe ule ule!"

"Changu kina mpini wa waya! Mwaka mzima unakishika, hukijui? Ungepanda ngazi kama wanaume wenzako, pete ingepotelea wapi?"

Akakata.

"Hainiingii hata kidole cha mwisho," Crocifissa akatangaza kutoka juu. "Sasa sikia, we kichwa tikiti. Marehemu mume wangu alizipanda ngazi hizi miguu ikimtetemeka, lakini alizipanda. Pete utaichukua mlangoni kwangu. Kwa kamba sirudishi!"

"Bibi, lango la ngazi limefungwa!"

"Mwombe mwenye ufunguo."

Liborio akainua uso hadi ghorofa ya tatu.

"Mama Venera! Mimi Liborio, muuza tini! Nakuogopa sana! Naomba kupanda!"

Sauti nzito ikauliza kutoka ndani:

"Ameoga?"

"Anaonekana kaoga!" Crocifissa akajibu.

Kisha kikapu kikaanza kushuka, polepole, kikipenya matawi ya mlimau. Mpini wa waya. Ndani hamna kitu ila ufunguo.

Liborio alipanda kama anakimbizwa na nyuki. Ghorofa ya pili akaikwapua pete na kuacha busu shavuni kwa mjane. Ghorofa ya tatu, Giusina amesimama mlangoni, gauni lile la njano, mikono kiunoni.

"Na Turin?"

"Huko hawali tini?"

Giusina akauma mdomo, asicheke. Akanyoosha kidole ili avishwe, kisha akamvuta ndani kwa kola.

"Ingia, chakula kinapoa. Mama anakuwekea sahani kila Jumapili tangu mwaka jana."

Chini yao dirisha la Crocifissa likafunguka.

"Utepe siufungui, mkae mkijua!"