Aregae, Mteja Asiyekuwepo

Kitendawili! Nina tumbo lakini sili, nina masikio mawili lakini sisikii, na kila wiki napelekwa sokoni nami sina ninachotaka kununua. Ni nini mimi? Ukishindwa, nipe mji.

Akaale alikipenda kitendawili hicho kuliko vyote, kwa sababu alikitunga mwenyewe siku moja ambayo hakuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa vikapu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku alipotoka shuleni alipita barabara ya vumbi ya Lodwar mpaka dukani kwa shangazi yake, Atabo, aliyesuka na kuuza vikapu vya majani ya mkoma. Alifagia mchanga ulioletwa na upepo, akapanguza vikapu kimoja kimoja, kisha akayanyunyizia maji majani ambayo Shangazi angeyasuka jioni hiyo. Majani makavu hukatika.

"Ejok, Shangazi."

"Ejok, mwanangu. Shule je?"

"Nzuri."

Haikuwa nzuri. Wazazi wake walikuwa wakichunga mbuzi upande wa Kainuk, na walimleta mjini ili asome. Wasichana wa darasa la sita walimwita "raiya", jina ambalo watu wa mjini huwaita wafugaji wanaotoka mbali. "Raiya, mbuzi wako wamekupigia simu leo?" walimuuliza, wakaangua kicheko. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake kwenye ukuta wa maktaba, penye kivuli chembamba kama mkanda. Hayo hakumwambia Shangazi. Shangazi naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Karibu kila saa alikuwa na jani mdomoni, akililainisha.

Mwaka huo wa 2013 mwalimu mmoja aliyekuwa mteja wa duka alimfungulia Shangazi ukurasa wa Facebook kwenye simu yake, ukaitwa "Vikapu vya Atabo, Lodwar." Shangazi alivipanga vikapu vyote mstari mmoja kama askari wa gwaride, akavipiga picha, akaiweka ukurasani. Watu watatu walipenda. Mmoja wao alikuwa mwalimu mwenyewe.

"Simu hii inakula salio bure," Shangazi alinung'unika.

"Shangazi, nani atakitazama kikapu kilichonyamaza? Tuvifanye viongee."

"Viongee kwa mdomo gani?"

Akaale alichukua kikapu kimoja chenye mikono miwili, akakiweka mlangoni penye mwanga, akakipiga picha. Chini yake akaandika kile kitendawili cha tumbo na masikio. Akaeleza na sharti: atakayeshindwa atatoa mji, kama watoto wafanyavyo nyumbani jioni.

Kesho yake walikuta majibu kumi na tisa. Mmoja alisema chungu, mwingine alisema punda. Mtu mmoja wa Eldoret aliandika, "Nimeshindwa kabisa. Chukueni Eldoret yote, na baridi yake." Shangazi alicheka mpaka jani likamtoka mdomoni.

Tangu siku hiyo, kila jioni ukurasa ulikuwa na picha moja na kitendawili kimoja. Akaale aliandika miji aliyopewa nyuma ya daftari lake la somo la Jamii: Eldoret, Kitale, Lokichoggio, hata Mombasa ambako hakukujua. Waliofuata ukurasa wakafika mia tatu.

"Una miji mingi kuliko gavana mpya," Shangazi alimtania. Kisha akavitazama vikapu vilivyojaa ukutani. "Lakini wanacheka tu, mwanangu. Hawanunui."

Neno hilo lilimkaa Akaale moyoni. Jioni moja, Shangazi alipokwenda kuchota maji, alichukua simu na kumtunga mtu. Umri wake mwenyewe haukumruhusu kuwa na ukurasa, kwa hiyo huyo mtu akapewa miaka kumi na sita na jina la Aregae. Mahali pa uso akaweka picha ya ndama wa ngamia. Kisha Aregae akaandika chini ya picha ya kikapu kimoja kidogo cha rangi tatu, kizuri sana: "Mimi ninacho hiki. Nimekibebea kilo kumi za unga mpaka Kainuk na hakikulegea hata uzi!"

Wiki hiyo vikapu vinne vilinunuliwa. Shangazi alifurahi, akampikia mtoto wa kaka yake chapati. Akaale alizila akiinamisha kichwa.

Siku ya tano Aregae alipata ujumbe.

"Habari Aregae. Mimi ni Ayen, niko kambini Kakuma, darasa la saba. Natumia simu ya mjomba wangu Chol, ana kibanda cha kuchaji simu. Wewe ndiye mtu wa pekee kwenye ule ukurasa anayeonekana kuwa msichana kama mimi. Una rafiki wengi?"

Akaale alisoma maneno hayo mara nne. Alijua alipaswa kunyamaza. Lakini tangu aje Lodwar hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Ninaye mmoja," Aregae akajibu. "Nikitembea anatembea, nikikaa anakaa, lakini nikilia yeye halii. Kitendawili."

Jibu lilikuja upesi. "Kivuli. Hata mimi ninaye huyo huyo."

Basi wakawa wanaandikiana. Ayen alisimulia jinsi rafiki yake mkubwa alivyorudi Sudan Kusini na wazazi wake kupitia mpaka wa Nadapal, akamwachia kitana na kikombe. Akaale alisimulia ukuta wa maktaba na wale wasichana wa mbuzi na simu. Mambo yote aliyoandika yalikuwa kweli. Jina tu ndilo halikuwa lake. Kila aliposhindwa kitendawili, Ayen aliandika, "Nakupa Kakuma. Njoo uichukue." Naye Aregae akajibu, "Nimefika Kakuma, nimekunywa chai kwenu," kama mchezo unavyotaka.

Siku moja Ayen aliandika, "Nina habari! Nimemwonyesha mama maneno yako ya kilo kumi. Amenunua kikapu kama chako. Kimeletwa na dereva wa basi la Lokichoggio."

Akaale alianza kuandika jambo. Akafuta. Akaandika, "Vizuri," akazima simu.

Wiki mbili zikapita. Kisha ukaja ujumbe mrefu.

"Aregae, leo ilikuwa siku ya mgao wa chakula. Mama aliweka mtama wetu ndani ya kikapu, akakitia kichwani. Tulipofika karibu na korongo, kitako chake kikaachia. Mtama wote ukamwagika mchangani. Mbuzi wa watu wakaja mbio. Mimi nilifukuza, mama akachota pamoja na mchanga, halafu akachoka akakaa chini pale pale njiani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Niambie rafiki yangu, chako kilibebaje?"

Siku tatu Akaale hakuigusa simu. Hakukuwa na picha wala kitendawili. Watu waliuliza ukurasani, "Kikapu kimekuwa bubu?" Siku ya nne Shangazi alitoa jani mdomoni.

"Umegombana na nani?"

"Hakuna."

"Mbona miji imeisha?"

Akaale alikuwa amekaa kwenye furushi la majani. Alizungumza akitazama sakafu. "Shangazi, kitendawili."

"Tega."

"Amenunua kikapu, hana nyumba. Ameandikiwa barua, hana macho. Ana rafiki, naye mwenyewe hayupo."

"Huyo simjui. Nakupa mji."

"Sitaki mji," Akaale alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ni Aregae. Nilimtunga mimi." Akaeleza yote mpaka mtama na mbuzi.

Shangazi hakupaza sauti. Aliinuka, akashusha ukutani kikapu kidogo cha rangi tatu, akakigeuza kitako juu.

"Unaona mshono huu? Ni mmoja. Hiki ni cha kuwekea shanga, au sukari ya chai. Miaka yangu yote ya kusuka sijamwambia mtu yeyote kwamba kitabeba unga. Wewe umenisemea kwa mdomo ambao haupo." Alikirudisha mahali pake. "Mama wa watu amekaa njiani kwa jina langu."

"Nitamwandikia Ayen."

"Utamwandikia. Kisha utasuka."

Akaale aliandika jioni hiyo, kwanza kwa Ayen, halafu ukurasani mbele ya watu wote: kwamba Aregae hakuwepo, kwamba kikapu kile hakikuwahi kubeba kitu kizito, na kwamba aliyekinunua kwa sababu ya maneno yale arudishe, atapewa kingine. Akamfuta Aregae na ndama wake. Watu thelathini waliondoka siku ile ile. Mmoja aliandika, "Kumbe tulikuwa tunaongea na mzimu!" Mtu wa Eldoret alirudi kuudai mji wake. Ayen alijibu neno moja tu, "Sawa," kisha akanyamaza kabisa.

Ukimya huo ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza. Kule ukutani kwa maktaba Akaale alikuwa na kivuli chake tu, na sasa hata hakuwa na wa kumsimulia.

Alisuka. Alisuka likizo yote ya Agosti, mishono miwili miwili, na mkanda uliopita chini ya kitako kutoka sikio moja hadi la pili, kama Shangazi alivyomwelekeza. Vidole vilipasuka. Mara tatu Shangazi alivuta kitako, akasema "Fumua," na mara tatu alifumua. Mara ya nne Shangazi alikijaza mawe, akakining'iniza kwenye boriti usiku kucha. Asubuhi kilikuwa bado kinaning'inia.

Jumamosi wakapanda basi la kwenda Kakuma. Kibanda cha Chol hakikuwa kigumu kukipata. Simu zilijaa mezani, na nyaya zimeshikana kama mizizi. Chol aliwatazama, akatazama kikapu, akatabasamu kidogo.

"Huyu ndiye ndama wa ngamia?" aliuliza. Kisha akamtuma mtoto wa jirani awaite wenyewe.

Ayen alikuja na mama yake. Msichana alikuwa mrefu, na amefunga mikono kifuani.

"Nilidhani una shingo ndefu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Akaale alishika kikapu kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, ni mimi niliyeandika zile kilo kumi. Sikuwahi kuzibeba. Nisamehe."

Mama Anyieth, ndivyo alivyoitwa mama yake Ayen, alikichukua kikapu, akaingiza mkono ndani, akaupitisha kwenye ule mkanda wa chini polepole. "Nani alisuka?"

"Mimi."

"Simama, mtoto."

Lakini Ayen alikuwa bado hajafungua mikono. "Nilimwambia mama nina rafiki Lodwar," alisema. "Nilimwambia mama, mjomba, na mwalimu. Sasa niwaambie nini? Ule ukuta wa maktaba ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Na wale wasichana wa mbuzi?"

"Wangu. Na kivuli pia ni changu. Yote niliyokuambia ni yangu, Ayen, isipokuwa jina na kikapu."

Ayen alitazama pembeni, kwenye nyaya za simu. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Mama Anyieth alivuta kiti, akakaa. "Kiswahili yangu ni kidogo," alisema, "lakini nisikilizeni. Mimi sikununua kikapu. Nilinunua neno la mtu. Kwenye simu siwezi kushika kitu kwa mkono, siwezi kuvuta uzi. Nina neno tu. Neno likioza, mtama wangu unakwenda kwa mbuzi. Wewe ulikuwa na mchezo mzuri wa kucheka na watu. Huo ulitosha. Kwa nini uliongeza mtu wa uongo?"

"Nilitaka vinunuliwe," Akaale alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Halafu sikutaka aondoke, kwa sababu Ayen alikuwa akimwandikia."

Shangazi Atabo alimwekea mkono begani. "Mwanangu, upweke si kosa. Hata mtu mzima huupata. Lakini ukimtuma mtu wa uongo akakutafutie rafiki, rafiki atakuwa wake, si wako. Wewe utabaki nje unachungulia. Sema ukweli kuhusu kikapu, kitauzwa polepole. Sema ukweli kuhusu wewe, utapendwa polepole. Na kinachopatikana hivyo hakikatiki njiani."

Mama Anyieth aliinuka, akaingia duka la jirani, akarudi na mfuko wa kilo kumi za unga alioazima kwa mwenye duka. Akautia ndani ya kikapu, akakiweka kichwani, akatembea mpaka barabarani na kurudi. Kikapu hakikulia.

"Piga picha," alimwambia Akaale. "Sasa una mteja aliyepo."

Picha ile iliwekwa ukurasani jioni, yule mama akiwa ameshika kiuno na kikapu kimesimama wima kichwani. Chini yake Akaale aliandika: "Kimebeba kilo kumi, Kakuma, leo. Waliopima: Mama Anyieth na binti yake. Nimekisuka mimi, Akaale."

Basi la kurudi lilipopiga honi, Ayen alikuja mpaka dirishani. Bado hakutabasamu.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nilipewa kila siku, sikuchukua. Sasa nimekuja kwa miguu yangu, naondoka, na nimeuacha hapa hapa."

Akaale alifikiri. Dereva aliwasha gari. "Nimeshindwa. Nakupa Lodwar."

"Nimepokea Lodwar," Ayen alisema. "Siku nikipata ruhusa ya kutoka kambini, nitakuja kukaa kwenye huo ukuta wako." Basi lilianza kwenda, naye akatembea kando yake hatua chache. "Jibu ni Kakuma! Nilikupa mara ngapi, Akaale?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo.