Elick ni Nani Wako?

"Elick ni nani?"

Nestory alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Aliinuka taratibu mno kwa mtu asiye na la kuficha.

"Elick yupi?"

"Huyu aliye kwenye simu yako."

Kokwijuka, ambaye Nyabiyonza nzima humwita Koku, alimnyooshea simu bila kutoka kwenye cherehani. Hakuipekua, haki ya Mungu. Nestory mwenyewe aliiacha ichajiwe kibandani kwake, na ujumbe ukajitokeza juu ya kioo. Mtumaji: Vero Kaisho, na namba yake chini ya jina.

"Wakijua habari ya Elick hawatakupa binti yao. Nyamaza mpaka ndoa ipite. Alhamisi njoo mapema, anakulilia."

"Ni mambo ya kampeni hayo," alisema Nestory.

"Kampeni inalia?"

"Koku, nisikilize..."

"Ana miaka mingapi?"

"Nani?"

"Mtoto wako!"

"Sina mtoto. Naapa."

"Basi Elick ni nani?"

Nestory akachukua simu, akalikumbatia faili lake la karatasi. Miezi mitatu sasa yeye na vijana wenzake walikuwa wakizunguka Karagwe na Kyerwa wakikusanya majina ya vijana wenye kadi za kupigia kura. Walitaka kila mgombea ubunge aahidi hadharani kupeleka bungeni hoja ya dawa itokanayo na bangi, ile iliyopimwa maabara na kuandikwa na daktari, kwa wagonjwa wa kifafa na saratani. Wazee walicheka, wakasema vijana wametafuta njia ya kuvuta kihalali.

"Na wewe hujasaini mpaka leo," alisema akiwa mlangoni. "Majina mia nne, la mchumba wangu halimo. Watu wananiuliza."

"Mimi sivuti bangi."

"Unajua fika si ya kuvuta."

"Mbona unang'ang'ania nisaini mimi?"

Nestory alitikisa kichwa, akaondoka. Koku akabaki akijiuliza. Kwani amejua?

Maana naye alikuwa na lake. Alikuwa akianguka kifafa tangu ana miaka kumi na mmoja. Vidonge vyake alivificha kwenye kopo la vifungo, na kovu la mkono wa kushoto aliwaambia watu ni maji ya moto. Huku kwetu, kabla ya posa kila upande huchunguza ukoo wa mwenzake, na kifafa kikionekana, posa hurudi ilikotoka. Posa yake ilikuwa Jumamosi. Mama yake alishamwonya: "Nyamaza mpaka ndoa ipite." Maneno yaleyale ya Vero! Mwenye siri ndiye anayeijua harufu ya siri.

Namba alikuwa ameikariri. Akapiga.

"Haloo, Vero?"

"Naam, nani mwenzangu?"

"Mke mwenzio."

Sauti ya Vero ikashuka.

"Koku? Usiseme hivyo, waitu, mwenzetu."

Jina langu analijua, Koku akawaza. "Elick yupo?"

"Yupo, amelala. Jana alikuwa na hali mbaya."

"Anafanana na Nestory?"

"Utadhani mapacha," Vero akajisahau. "Lakini dada, mimi sina ruhusa ya kusema. Muulize mwenyewe."

Koku alikata simu, akalia juu ya gauni la mteja.

Alhamisi alipanda bodaboda mpaka Kaisho, ambako Nestory alikuwa na mkutano wa kampeni, bila kumuaga mtu. Alitaka amfumanie Nestory mbele za watu, na mtoto mikononi. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana. Mbele aliketi mgombea, Mheshimiwa Mutalemwa, na Nestory alisimama pembeni yake na faili. Koku alijibanza mlangoni akitafuta mwanamke mwenye mtoto. Hakumwona.

"Vijana wangu," Mutalemwa alikuwa akisema, "mimi si mtoto mdogo. Mnataka moshi, mnasingizia wagonjwa. Haya, nionyesheni mgonjwa mmoja tu!"

Watu wakacheka. Kijana mrefu mwembamba akasimama, kadi ya kura mkononi. Mwanamke mwenye kitenge cha njano alimvuta shati akae, akakataa.

"Mimi hapa, mheshimiwa. Naitwa Elick. Nina miaka kumi na tisa na hii ndiyo kura yangu ya kwanza. Naugua kifafa."

Koku akashika mwimo wa mlango. Elick? Mtu mzima mwenye ndevu!

"Umeletwa na nani?" Mutalemwa aliuliza.

Elick alimwonyesha Nestory kwa kidole, akitabasamu.

"Nestory, huyu ni nani wako?"

Nestory aliinua macho, na macho yakamwangukia Koku pale mlangoni.

"Ni... ni jirani tu."

Tabasamu la Elick likafutika. Akakaa.

Hapo Koku akaona. Paji la uso lilelile, mwanya uleule. Siku tatu alimwomba Mungu Nestory asiwe na mtoto, na kumbe hakuwa naye, lakini maumivu yakazidi. Mtu anayemkana wa tumbo moja, siku mimi nikianguka mbele ya wageni wake atasemaje?

Miguu ikampeleka mbele kabla hajaamua.

"Mheshimiwa, shikamoo. Naitwa Kokwijuka binti Ndyamukama, fundi cherehani wa Nyabiyonza." Akapandisha mkono wa blauzi. "Hili kovu nimeliita maji ya moto kwa miaka kumi na mitatu. Niliangukia mafiga. Waliokuwepo waliogopa mate yangu yatawaambukiza, wakaniacha motoni mpaka tata, baba yangu, alipokuja. Nami ni mgonjwa. Tumekuwa wawili."

Mgombea aliinama, akalitazama kovu.

"Pole, binti," alisema Mutalemwa. "Sasa bangi ndiyo itakayokuponya?"

"Sijui. Vidonge ninavyo, vinanisaidia, ila kuna miezi vinashindwa. Ndiyo maana sikuombi wewe uniponye. Naomba sheria imruhusu daktari apime, kisha aniambie ndiyo au hapana. Kura yangu ni ya atakayelisema hilo bungeni."

Vijana walipiga makofi mpaka bati likatetema. Nestory alikuwa akilia waziwazi.

"Nimesema uongo," alisema. "Elick ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Mutalemwa alijifuta jasho. "Basi, jambo hili nitalibeba..."

"Libebe kwa saini, mheshimiwa," alisema Elick, akampelekea karatasi yeye mwenyewe. Mutalemwa alitazama umati, akatazama karatasi, akasaini.

Nje, Vero, yule mwenye kitenge cha njano, alimsalimia Koku kwa aibu. Alikuwa binamu wa Nestory, na ndiye aliyekuwa akimtunza Elick. Alipomchukua Elick kando, Nestory akasogea.

"Sikujua kuhusu wewe, Koku. Ningejua nisingeficha."

"Ndiyo maneno ya kila anayeficha. Nami nayasema."

"Nilipokuona mlangoni niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora umpoteze yeye. Siku nikianguka, utasema mimi ni jirani?"

Nestory alimtazama Elick kule kando.

"Jumamosi bado ipo?" aliuliza.

"Ipo. Lakini atakayetangulia kuingia kwa tata ni Elick. Vinginevyo geukeni hukohuko barabarani."

Jumamosi saa saba mchana wageni waliingia kupitia migombani. Aliyetangulia alikuwa Elick, amebeba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Koku, nyuma ya pazia, aliziba mdomo kwa khanga.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba," alisema Mzee Ndyamukama. "Nawe ni nani?"

Elick akageuka nyuma, akingoja. Nestory akapaza sauti, wasikie hata waliokuwa jikoni.

"Ni mdogo wangu, tata! Tumbo moja. Anaugua kifafa, nami nilimficha. Nisamehe."

"Posa irudi!" shangazi yake Koku akaruka. "Kifafa hakiingii ukoo huu!"

Mzee alivuta kikapu cha kahawa ya kutafuna wanayopewa wageni, akachagua tunda moja kavu, akalipasua kwa meno. Punje mbili za tunda moja huliwa na ndugu, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Moja akaibakiza mdomoni. Ya pili, imelowa mate yake, akaiweka kwenye kiganja cha Elick.

"Tafuna, mwanangu."

"Tata, mimi ni mgonjwa."

"Na binti yangu pia. Nimemficha miaka kumi na mitatu, nimechoka. Tafuna, ukae."

Elick akatafuna. Shangazi akakaa.

Nyuma ya pazia Koku alifungua kopo la vifungo, akatoa kidonge chake cha mchana. Akatoka nacho kimelala juu ya kiganja, wageni wote wakikiona.

"Naombeni maji," alisema.

Nestory ndiye aliyeinuka kumletea.