Fimbo za Bibi Seyilkan

Pa! Pa! Pa! Begimay alikuwa amepiga magoti uani, akishusha fimbo mbili nyembamba juu ya sufu iliyotandazwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Sufu ikishalainika, wangeishindilia kuwa zulia.

"Wewe, unaipiga au unaibembeleza?" jirani yao Sairagul alimtania.

Begimay hakucheka. Ndani ya nyumba, Bibi yake, Seyilkan, alikuwa amekalishwa mahali pa heshima, juu ya magodoro matatu, mito kila upande. Tangu ateleze kwenye barafu majira ya baridi, Baba alikuwa amemkataza kazi zote. Mfupa haukuvunjika. Nesi alisema atembee kila siku, lakini Baba aliona hayo ni maneno ya mjini. Sasa Bibi alikula kidogo, akagombana na kila mtu, kisha akageukia ukuta.

"Begimay! Fimbo zangu za kupigia sufu ziko wapi?" Bibi aliita.

"Sijui, Bibi," Begimay alijibu akisimama mlangoni.

"Hujui? Mbona uso wako unajua?"

Begimay aliinamisha kichwa. "Baba aliniambia nizifiche. Ziko chini ya tandiko la farasi."

"Kazilete!"

Aliporudi nazo, Bibi alikuwa ameshatoka, ameshika ukuta, miguu ikimtetemeka. Alipiga magoti kwa shida kando ya ngozi, akazinyakua fimbo. Pa! Sufu iliruka.

Hapo Baba akaingia akivuta farasi wake.

"Mama! Watu watasema nini? Kwamba Toktosun ana mikono miwili, na mama yake bado anafanya kazi?"

"Watasema nina mwana mpumbavu, wala hawatakosea!"

Sairagul aliinama haraka juu ya sufu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nakutunza, Mama!" Baba alifoka.

"Huyo farasi, ukimfunga zizini majira mazima, utasema unamtunza?"

"Atakakamaa miguu."

"Kumbe unajua! Farasi unamtoa atembee, mimi unanirundikia mito. Nilianguka, Toktosun. Sikufa!"

Baba alimfunga farasi. Kisha akaenda kusimama kando ya ukuta.

Bibi alipiga, akapumzika, akapiga tena. Alimkaripia Sairagul kwa kuacha mabonge, na Begimay kwa kushika fimbo kama kijiko. Jioni aliomba bakuli la pili la mchuzi. Mama yake Begimay aliacha kumimina chai, akamtazama.

"Begimay," Baba alisema taratibu, "nilidhani kumheshimu mzee ni kumzuia asichoke. Kumbe kukaa tu kunamchosha kuliko kazi. Nesi alisema kweli, nami sikumsikiliza. Nawe usimdanganye Bibi tena, hata nikikutuma mimi."

"Maneno mengi," Bibi alimkatiza, bado amekunja uso. "Nusu ya sufu haijapigwa. Ifunikeni, umande usiilowanishe. Kesho mapema."

Begimay alinyoosha mkono azichukue fimbo akaziweke ghalani. Bibi alimtangulia, akazisukuma chini ya mto wake na kuulalia.