Nilimwachia Rafiki Aiandike Kazi Yangu

Nina miaka arobaini na sita. Nimesoma hadi kidato cha nne. Nyumba ninayolala sasa ni ya marehemu mama yangu, huko Msuka, kaskazini kabisa mwa Pemba, na paa lake linavuja. Mke sina. Kazi ya serikali niliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja sina tena. Aliyeninyang'anya yu hai, mzima, na kila Ijumaa hukaa safu ya mbele msikitini na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi...

Siwaandikii ili mnipatanishe naye. Waliojaribu wamechoka. Nataka mjue alichonitendea, na mjue pia jinsi nilivyompa kisu mwenyewe, kwa mkono wangu, huku nikicheka.

Nianze mbali kidogo. Tangu ujana sikujua kutulia. Nilipomaliza shule niliondoka, nikafanya vibarua Tanga, Mombasa, Mtwara, hadi Songea. Kila nilipofika, mwezi wa kwanza nilipapenda. Wa pili nilianza kukumbuka kwetu: karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, sauti ya mama akiniita nikachote maji. Nikirudi kwetu, wiki mbili tu, miguu inaniwasha!

Mama alifariki nikiwa Songea. Nilifika siku ya sita. Hata matanga yalikuwa yamekwisha, na majirani wameshachukua sufuria zao. Nilikaa peke yangu chini ya mfenesi alioupanda yeye, nikaapa kwamba sitaondoka tena Pemba.

Nikapata kazi katika kitalu cha serikali cha miche ya mikarafuu, kusini huko, si mbali na Mtambile. Niliajiriwa kumwagilia maji. Pale nilimkuta Faki, aliyenitangulia kwa miaka miwili. Alinipokea vizuri, sitasema uongo. Muhogo wake ulikuwa wangu, na samaki wangu alikuwa wake. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Mguu Njiani, na kitalu kizima kikaniita hivyo.

Fundi wa zamani wa kitalu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Alinifundisha kila kitu, kwa sababu Faki hakuwa na subira ya kufundishwa. Mbegu ya karafuu si kama mahindi, uiweke ghalani ukaikumbuka mwakani. Ikishaiva mtini ikawa ya zambarau, unaiokota, unailoweka, unaimenya ganda na kuipanda siku zile zile. Ukichelewa wiki, umepanda maiti. Mzee alinifundisha kuibonyeza mbegu kwa kidole gumba nikajua ipi hai na ipi imekufa. Alinifundisha kupunguza makuti ya kivuli kidogo kidogo, ili mche uzoee jua bila kuungua.

Mzee alipostaafu, kazi yote ikaniangukia. Kwenye karatasi nilibaki mmwagiliaji, lakini nani alijali karatasi? Wakulima walitoka hata Shumba, kaskazini huko, kuja kuchukua miche, wakisema miche ya Mguu Njiani haifi. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mahali ambapo sikutamani kuondoka. Nilimwoa Mize, mwanamke wa Shumba. Baba yake alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Nakupa mwanangu kwa sharti moja. Usisafiri bila yeye kujua." Nikakubali. Kwani nilikuwa na safari gani tena?

Basi sikilizeni yaliyofuata.

Kila baada ya miaka kadhaa serikali huipitia upya mishahara ya wafanyakazi wake. Safari hiyo tuliambiwa kwamba haitakuwa kuongeza tu na kwenda zetu. Kazi zenyewe zingepimwa: nani anafanya nini na kwa ujuzi gani. Kisha kila mmoja awekwe kwenye daraja lake jipya. Akaja afisa mmoja, mwanamke kutoka Unguja, na bahasha ya fomu.

Alisimama mbele yetu pale chini ya makuti akasema, "Jamani Wapemba, mimi nakujueni. Mna haya. Leo haya zenu ziwekeni pembeni. Kila mtu aandike kazi anayoifanya, kwa mkono wake mwenyewe. Usipoandika, sisi kule tutajuaje?"

Mmoja wetu akamjibu kwa nyuma, "Bi Afisa, kwetu anayejisifu ni yule asiye na wa kumsifu!"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote... Laiti ningelia siku ile!

Maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu muungwana hajinadi. Hata ukitaka mke huendi kujieleza mwenyewe. Unatuma watu wakuelezee, nawe unakaa kimya umeinamisha kichwa. Sasa mtu ashike kalamu aandike, mimi ni hodari, mimi ndiye ninayejua? Nilijaribu jioni ile nyumbani. Niliandika sentensi moja, nikaona aibu, nikaifuta.

Kesho yake Faki akaniambia, "Yakhe, miye ntajiandikaje kuwa n'hodari? Watu si watan'ona kichaa! Niandikie weye, nami nikuandikie weye."

Nikaona hiyo ndiyo adabu. Nikakaa na fomu yake asubuhi nzima. Mimi mwandiko wangu ni mzuri na maneno ninayo. Nikamwandikia kurasa mbili zilizojaa! Kuchagua mbegu. Kuloweka na kumenya. Kupima kivuli. Kuwafundisha wakulima. Nikaandika hata kwamba anaijua mbegu hai kwa kuibonyeza, jambo ambalo pale kitaluni nililijua mimi tu. Niliona si vibaya kumkopesha sifa zangu, kwa sababu naye angenirudishia zote kwenye fomu yangu. Si tulibadilishana?

Siku hiyo hiyo nikapigiwa simu kutoka Msuka. Mfenesi wa mama umeanguka kwa upepo. Moyo wangu ukaruka. Nilitaka kuuona kabla haujakatwakatwa kuni. Nikaitia saini fomu yangu ikiwa tupu, nikamkabidhi Faki, nikamuaga Mize, nikaenda. Nilikaa Msuka siku tatu, nikilitazama shina lililolala kama ng'ombe aliyechinjwa. Nilikuwa nikilia kwa ajili ya mti, na huku mimi mwenyewe nikikatwa shinani!

Ikapita miezi. Muundo mpya ukatoka, na barua zikaletwa.

Faki alikuwa Fundi wa Miche. Mimi nilikuwa Mhudumu. Na si hilo tu. Wahudumu wote walitakiwa kwenda palipo na upungufu, kwa hiyo nilihamishiwa Chake Chake, nikafagie ofisi.

Cha kuchekesha ni kwamba hata mshahara wangu ulipanda. Kila niliyemlalamikia aliniuliza, "Si umeongezewa? Sasa unalia nini?" Ningewaelezaje? Mimi sikuwa nikililia pesa. Nililililia lile tuta la miche ambalo kila asubuhi lilinijua. Umewahi kufukuzwa mahali pekee duniani ambapo miguu yako imekubali kutulia?

Nilikwenda ofisini nikaomba kuliona jalada langu. Wakanionesha fomu. Saini yangu ile pale, nzuri kabisa. Na juu yake, kwa mwandiko wa Faki, mstari mmoja tu: "Anamwagilia miche na kufagia."

Mstari mmoja! Miaka kumi na mmoja!

Baadaye nilijua na sababu. Siku ile ya fomu Faki ndiye aliyempelekea Bi Afisa chai, na katika mazungumzo akaambiwa kwamba kila kitalu kitapata nafasi moja tu ya fundi. Moja! Alilijua hilo kabla hajaniambia tubadilishane. Alikuja kwangu na haya za uongo usoni, akijua kwamba mmoja wetu lazima abaki chini.

Nilimfuata kitaluni. Nikamwuliza mbele ya wote, "Faki, uliandika nini kwenye fomu yangu?"

Hakutetereka. Akasema, "Kwani n'meandika uongo? Weye humwagilii?"

"Na mengine yote?"

"Mengine si ungeandika mwenyewe. Mkono hukuwa nao?"

Watu wakaguna. Wengine walicheka, nawajua kwa majina. Kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo limenikwama kama mwiba wa samaki: "Na weye, Mguu Njiani, leo upo, kesho hupo. Nafasi ya kudumu hupewa mtu wa kudumu, yakhe."

Nilimsukuma akaangukia viriba, vile vifuko vya plastiki vyenye miche. Niliisikia ile miche ikivunjika chini ya mgongo wake, miche yangu mwenyewe. Nikaondoka.

Mize ndiye aliyenituliza. Alisema sheria inampa haki ya kukata rufaa mfanyakazi asiyeridhika na daraja lake. Alikaa nami mpaka nikaandika, safari hii kwa mkono wangu, kila nilijualo. Barua ikapokelewa. Nikaambiwa nisubiri, kamati itakuja kitaluni kusikiliza.

Nikasubiri nikifagia ofisi ya Chake. Wiki zikapita. Kila aliyepita pale mlangoni aliniuliza kwa huruma ya kinafiki, "Vipi, bado hawajaja?" Niliporudi nyumbani nilimwona Faki kila mahali: dukani, msikitini, barabarani, akisalimiwa "Fundi, Fundi!" Nikaanza kusema moyoni kwamba rufaa ni maneno tu, kwamba wakubwa hulindana, kwamba hakuna atakayekuja. Na miguu... ile miguu yangu iliyolala miaka kumi na mmoja... ikaanza kuwasha.

Asubuhi moja nilitoka nyumbani kama ninayekwenda kazini. Sikwenda Chake. Nilikwenda Mkoani bandarini, nikapanda meli. Sikumwambia Mize. Ahadi niliyoitoa mbele ya baba yake niliikanyaga kama kaa la moto, nikaruka. Kufika Unguja nikaunganisha hadi Tanga, nikazima simu.

Siku ya kumi na mbili niliiwasha. Nilikuwa nimekaa karibu na soko, nimeshaanza kukumbuka kwetu, kama kawaida yangu. Simu ikaita hapo hapo. Mize.

Hakunigombeza. Sauti yake ilikuwa kavu tu. Akasema, "Wamekuja jana."

Akanieleza. Kamati ilikuja na kapu la mbegu za karafuu, hai na mfu zimechanganywa. Walitaka mimi na Faki tuzichague mbele yao, mmoja mmoja, watu wakitazama. Faki alikuwa akitokwa na jasho, leso haishi mkononi! Mwenyekiti akasema, tuanze na mlalamikaji. Wakaliita jina langu mara tatu. Mize alijisogeza mbele akajaribu kunisemea. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hapa hatukuja kuposa. Mwenye maneno yake yuko wapi?"

Watu wakacheka tena. Faki naye akacheka, jasho likamkauka. Haikuguswa hata mbegu moja. Kamati ikafunga jalada ikaenda zake.

Kapu la mbegu! Jambo ambalo ningelifanya nimefumba macho! Haki ilinijia mpaka mlangoni, wasomaji wenzangu, na mimi nilikuwa Tanga nikitazama mabasi.

Mwisho Mize akasema, "Miye niliolewa na mume, sikuolewa na msafiri. Narudi kwetu Shumba." Nilipofika Pemba chumba kilikuwa kimefagiwa na ufunguo uko kwa jirani. Nilikwenda kwao. Baba yake alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza habari za Tanga, na akanitaka nitoe talaka. Nikaitoa. Kazini nikafutwa kwa utoro. Ya Faki yakatimia yote: leo nipo, kesho sipo.

Masika haya nilikwenda kitaluni kuchukua miche kama mkulima mwingine yeyote, ya kupanda pale ulipokuwa mfenesi wa mama. Nilipanga foleni. Mezani alikuwa Faki na daftari. Nyuma yake niliyaona matuta, na miche imekonda, imekuwa ya njano, kivuli chote kimeondolewa kwa mkupuo mmoja. Hakuniangalia.

"Jina?"

Nikamtajia, kana kwamba halijui.

"Kazi?"

Nikaweka mikono mezani. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni: "Naotesha mikarafuu. Naijua mbegu hai na mbegu mfu kwa kidole. Najua lini uloweke na lini umenye. Najua kwamba kivuli hiki kimetolewa mapema na miche hii nusu yake haitofika shamba. Andika, Faki. Andika yote!"

Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Semaa, mwanangu!"

Faki aliinamisha kichwa. Akaandika neno moja. Nililisoma nikiwa nimesimama: "Mkulima."

Sikumsamehe siku ile na sijamsamehe leo. Mniite mgumu wa moyo, niiteni mtakavyo. Lakini nawasihi, hasa nyinyi mlioajiriwa, mtakaoletewa fomu zikiwataka mseme mnafanya nini. Muungwana hajisifu, ni kweli, ila kueleza kazi yako si kujisifu. Usimpe mtu, hata mliyekula naye sahani moja, karatasi tupu yenye saini yako. Na ukishadhulumiwa ukaipigania haki yako, kaa! Vumilia wanaokucheka, funga miguu yako kwa kamba ikibidi, lakini jina lako litakapoitwa uwepo uitike.

Mimi langu liliitwa mara tatu.