Sauti ya Mkiani

Adhuhuri ile Merv Tuckwell alikuwa anakula yai la kukaanga, na wala hakulifurahia. Pale kambini Lincolnshire, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukipewa yai ujue usiku unarushwa Ujerumani. Merv, kijana wa Ballarat, Australia, alikuwa rubani wa ndege ya mabomu. Rafiki yake Lindsay, mwenye pengo la jino la mbele, ndiye aliyekuwa akikaa na bunduki kwenye kibanda cha mkiani, akitafuna chingamu. Walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia. Nafasi yake kaichukua Mwingereza, Cyril Plumb, ambaye mkewe alikuwa mjamzito.

"Utamwona mwanao, bwana," Merv alimwambia. "Mimi siziki mtu mwingine wa mkiani."

"Kepteni, kula yai lako," alitania Athol, fundi wa injini. "Ukiacha, nalibeba."

Hewani, kwenye simu ya waya ya ndani ya ndege, hakuna kuitana majina. Rubani huita kiti: pua, juu, mkia. Ndiyo desturi. Lakini walipovuka bahari, Merv kachoka, vidole vimekufa ganzi, ulimi ukamponyoka.

"Lindsay, upo?"

Lo! Kamwita marehemu.

"Nipo, kepteni. Baridi ya huku hata nzi wa kwetu wangeikimbia."

Utani ule ulikuwa wa Lindsay. Merv akapandwa na hasira.

"Cyril, acha mzaha! Nani kakufundisha?"

Kwenye waya alisikia mtu anatafuna tu.

Athol akamwinamia. "Nikamwangalie?"

"Ya nini? Si anaongea?"

Juu ya mji, taa za adui zikawamulika. Sauti ya mkiani ikaita: "Pinda kushoto! Sasa!" Merv akapinda. Risasi zikapita upande wa kulia. Akashukuru kimoyomoyo. Kila alipoita mkia, alijibiwa, "Nipo." Hakuita jina tena. Aliogopa.

Walitua alfajiri. Watu wakateremka, wakawasha sigara. Cyril hakuteremka.

"Cyril! Chai inapoa, bwana!" Merv aliita.

Athol akaingia, akafungua milango ya kibanda. Cyril alikuwa ameketi wima. Kope zake zilikuwa na barafu. Mrija wake wa hewa ulikuwa umeziba kwa barafu, na waya wa simu ulikuwa umechomoka, unaning'inia.

Daktari akamgusa shingo. "Huyu kafa hata hamjafika Ujerumani. Mngemfuata mapema, angepona."

Merv akaketi palepale kwenye majani. Kila "nipo" ikamrudia masikioni. Ile sauti ingenyamaza mara moja tu, mara moja, Athol angekwenda nyuma.

"Sikuitika mimi," alinong'ona Athol, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Wewe je?"

Merv akajikaza, akaenda kumfunga Cyril vifungo vya koti. Karibu na mshikio wa bunduki palikuwa pamebandikwa chingamu. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimeganda, ila yenyewe ilikuwa laini, ina joto. Ilikuwa na alama za meno, na katikati ya alama palikuwa na pengo.