Mjusi wa Mfuko wa Tisa

Kila siku baada ya kutoka shule, Kalamu alinawa mikono na kuingia katika chumba cha kazi cha mama yake. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa sababu hakuonekana bila kalamu nyuma ya sikio. Mama yake alikuwa mtafiti wa mijusi wa jangwani, na kazi yake ilikuwa kutambua kila mjusi ni wa spishi gani. Mama alitazama kwa lenzi na kutaja alichokiona, Kalamu akaandika kwenye daftari.

"Kuna spishi mbili hapa zinazofanana kama mapacha," mama alimweleza mara nyingi. "Kinachozitofautisha ni safu za magamba kuzunguka mwili. Mjusi wa mchangani ana safu ishirini na nne, na miguu yake mifupi unaiona. Mjusi wa vilimani ana ishirini tu, na miguu yake ni midogo mno, utadhani hana. Ukikosea kuhesabu, umekosea jina."

Jumanne moja, dereva wa safari ya utafiti alileta mifuko kumi na miwili ya kitambaa yenye mijusi hai. Mama aliitwa chuoni kabla hajaifungua.

"Usiguse mfuko hata mmoja mpaka nirudi," alimwambia Kalamu.

Lakini Kalamu alitaka sifa. Alitaka mama arudi akute mjusi mmoja amekwisha kuhesabiwa. Akaufungua mfuko wa tisa. Kitu chembamba chenye rangi ya mchanga kilimponyoka vidoleni, kikaanguka sakafuni, kikajipinda mara mbili tatu na kupenya chini ya mlango. Kalamu hakuona mguu wowote.

Alichungulia chini ya meza na nyuma ya kabati. Hakuna kitu. Hapo ndipo alipofanya jambo baya zaidi. Aliufunga ule mfuko mtupu, kisha kwenye daftari, mbele ya namba tisa, akaandika: safu 24. Mama angedhani mjusi ametoroka baada ya kuhesabiwa, akili yake ikamwambia.

Hata wino haujakauka, kilio kikasikika kutoka stoo, upande wa pili wa mlango.

"Bibi! Kimeniuma! Kimeniuma!"

Alikuwa Bonge, mdogo wake wa miaka minne. Kalamu alipofika mlangoni, bibi alikuwa amekwisha kumbeba.

"Nyoka!" bibi alipiga kelele. "Nimemwona kwa macho yangu haya, hana mguu hata mmoja!"

Bibi alirarua kitambaa, akakifunga kwenye kidole cha mtoto kwa nguvu zake zote, kisha wakatoka mbio kwenda zahanati, mtaa wa pili. Kalamu aliwafuata, daftari likiwa bado kwapani.

Mama alipigiwa simu akaja akihema. Wakati huo kidole cha Bonge kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya zambarau. Mtoto alilia hadi akatapika.

"Dawa ya sumu ya nyoka ninayo," daktari alisema, "lakini nayo ina hatari zake. Mtoto asiye na sumu mwilini inaweza kumdhuru vibaya. Lazima nijue ni mnyama gani."

"Nimekwambia ni nyoka!" bibi alisema. "Unataka akuletee kitambulisho?"

Kalamu alijibanza ukutani. Kama yule ni mjusi, kosa ni lake. Na kama dereva alikosea akatia nyoka mfukoni? Basi ni yeye, Kalamu, aliyemfungulia nyoka amuue mdogo wake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mfuko wa tisa ni mtupu. Niliufungua."

Mama alimtazama kama mtu asiyemjua. Akalinyakua daftari, akasoma.

"Ishirini na nne," alisema. "Huyo ana miguu inayoonekana. Bibi yako ameona mnyama asiye na miguu. Basi si wetu." Akamgeukia daktari. "Daktari, ni nyoka kweli. Mchome sindano."

Daktari akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Kalamu aliitazama ikipanda taratibu. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Usimchome!" alipaza sauti. "Sikuhesabu! Hiyo namba niliibuni tu. Na mimi pia sikuona miguu."

Daktari aliweka bomba mezani, akaanza kukifungua kile kitambaa cha bibi polepole.

"Nendeni mkamtafute mnyama huyo," alisema bila kuinua macho. "Nawapa robo saa. Mtoto akianza kulegea kope, hiyo ni dalili ya sumu, sitawangoja."

Walikimbia hadi nyumbani. Ndani ya stoo, mama alishika brashi ndefu, Kalamu akainua magunia moja baada ya jingine, kila mara akihisi kitu kitamrukia usoni. Chini ya gunia la nne, kitu kilicheza.

"Usisogee!" mama alinong'ona, akakibana kwa brashi.

Kilikuwa kirefu, kinang'aa, kinajipinda.

"Mama, ni nyoka?"

"Mtazame macho."

Mnyama yule alifumba macho, akafumbua.

"Nyoka hana kope," mama alisema. "Na hapa pana tundu la sikio. Nyoka hana hilo pia. Sasa ona ubavuni." Palikuwa na vijiguu vinne, vyembamba kama vipande vya uzi. "Hesabu safu. Kwa sauti."

Kalamu alihesabu, akapotea njiani, akaanza upya. Ishirini.

"Tena."

Ishirini.

Mama akampigia daktari simu. "Ni mjusi wa vilimani. Hana sumu kabisa."

"Nami nimekisafisha kidole," daktari alijibu. "Naona alama ndogondogo nyingi, si matundu mawili ya meno ya nyoka. Uvimbe unashuka tangu nilipokilegeza kitambaa. Damu ilikuwa imezibwa. Mwambieni bibi asirudie kufunga hivyo, hata aliyeuma akiwa nyoka kweli."

Jioni hiyo, Bonge akiwa amelala mapajani kwa bibi, mama alimketisha Kalamu kando yake.

"Kufungua mfuko ni utundu, na adhabu yake utaipata," alisema. "Lakini ile namba ndiyo iliyonitisha, mwanangu. Daktari aliniamini mimi, mimi nikaliamini daftari, na daftari uliliandika wewe. Hesabu ya uongo ilitaka kufanya mdogo wako achomwe dawa isiyomfaa. Usipojua jambo, andika kwamba hujui. Ukikosea, sema mara moja, tena sema lote, usibakize nusu."

Machozi yalimtiririka Kalamu. "Niliogopa, mama."

"Hata mimi niliogopa," mama alisema, akamvuta karibu. "Lakini wewe uliogopa na ukasema. Hilo ndilo nitakalokuomba kila siku."